Kuandika riwaya ya upelelezi ya vijana ndani ya harusi ya Kiyoruba: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Nianze na maiti au na bibi harusi? Mtoto wa miaka 16 atawahojije wazee? Nitajuaje kama harusi yangu ni ya Ibadan, Nigeria, kweli, au ni ya Sinza, Dar es Salaam, iliyofungwa kilemba? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi, kuanzia karatasi tupu hadi rasimu ya pili. Mfano ni mmoja mwanzo hadi mwisho: ukoo wa Wayoruba, watu wa kusini magharibi mwa Nigeria, siku nne, Lagos na Ibadan.

Shika hili kwanza: harusi ni ratiba. Inaamua nani asimame wapi, ameshika nini, amevaa rangi gani, na saa ngapi. Mwandishi wa upelelezi hutoka jasho kubuni mambo hayo. Wewe umepewa bure, mradi uijue ratiba yenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi kubwa ya ramani ya ukoo. Andika watu 20 hadi 25. Watakaozungumza ndani ya riwaya wasizidi 12.
- Video mbili au tatu za harusi za Kiyoruba, zilizorekodiwa mwanzo hadi mwisho. Zile za dakika tatu zenye muziki hazifai. Tazama pembeni mwa picha: nani kashika mkoba wa pesa, nani anapanga meza ya zawadi, nani anaingia jikoni.
- Kalenda ya mwaka uliouchagua, yenye sikukuu na chaguzi.
- Jedwali lenye safu tano: saa, mahali, nani yupo, kashika nini, nani anamwona.
- Msomaji mmoja Myoruba. Nairobi na Dar es Salaam hazikosi Wanigeria. Mpe sura tatu, usimpe kitabu kizima, na umwombe akuambie kilichomchekesha mahali ambapo hukukusudia kuchekesha.
- Lengo la urefu: maneno 60,000, yaani sura 30 za maneno 2,000. Ukivuka 75,000, jua una mashangazi wengi mno.

Hatua ya 1: Chagua ukoo, mji na tarehe

Usiandike "harusi ya Kinigeria". Hakuna kitu hicho. Kila watu wana mtambo wao, na kila mtambo unatoa aina yake ya fumbo.

Kwa Waigbo, kilele ni *igba nkwu*. Bibi harusi anapewa kikombe cha mvinyo wa mchikichi na kuzunguka katikati ya watu akimtafuta mume wake, huku wanaume wengine wakimwita wampoteze. Wazee wa ukoo, *umunna*, wasipokubali, shughuli haiendi. Kwa Wahausa Waislamu, ndoa inafungwa na mawalii, yaani wasimamizi wa maharusi, na bibi harusi huwa hayupo pale inapofungwa. Msomaji wa pwani atalielewa hilo bila maelezo, na mwandishi mjanja ataona mara moja kinachowezekana: ndoa imefungwa kihalali, na hakuna aliyemwona bibi harusi tangu asubuhi.

Tunabaki na Wayoruba kwa sababu harusi yao ina vitu vingi vya kuhesabika na watu wengi wenye kazi maalumu. Tena ukoo mmoja unaweza kuwa na Waislamu na Wakristo mezani pamoja bila mtu kushangaa.

Sasa tarehe. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanaandika "mwaka juzi" na kuendelea. Nigeria ya miaka ya karibuni haikuachii uhuru huo:

- Februari 2023 noti ziliadimika nchi nzima, baada ya Benki Kuu kubadilisha noti za naira 200, 500 na 1,000 mwishoni mwa 2022. Harusi ya mwezi huo yenye pesa zinazomwagwa kama mvua ni uongo. Na Jumamosi ya tarehe 25 Februari 2023 ilikuwa siku ya uchaguzi wa rais.
- Katikati ya 2023 naira iliachiwa ielee. Dola moja, iliyokuwa chini ya naira 500 kwa bei rasmi, ilivuka 1,500 mapema 2024. Bei ya kitambaa ya 2022 ukiiweka kwenye harusi ya 2024, msomaji wa Lagos atafunga kitabu.
- Kumwagia maharusi noti ni kosa kisheria. Kifungu cha 21 cha sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007 kinataja kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Kwa miaka mingi watu waliichekea. Mwaka 2024 tume ya kupambana na uhalifu wa kifedha, EFCC, ilianza kuwafikisha watu maarufu mahakamani, na hofu ikaingia kumbini.
- Desemba ni msimu mkubwa wa harusi, na vumbi la harmatani, upepo mkavu kutoka Sahara, huanza kufunika kila kitu. Juni mvua inapiga Lagos hadi barabara zinageuka mito. Vumbi hutunza alama ya kiatu. Mvua huifuta.

Mfano wetu: Desemba 2024, Ibadan, nyumbani kwa bibi harusi.

Hatua ya 2: Chora ratiba ya siku nne

Alhamisi ndugu wanawasili. Ijumaa ni *engagement*, yaani harusi ya kimila. Jumamosi ni kanisani na ukumbini. Jumapili ni ibada ya shukrani. Kila tukio liandikie saa mbili: ya kwenye kadi na ya kweli. Kadi inasema saa 4 asubuhi. Ngoma inaanza saa 6 mchana. Hizo saa mbili za katikati, ambapo watu 80 wamefika na hakuna kinachoendelea, ni mali yako.

Ijumaa iandike kwa undani kuliko siku nyingine zote. Mpangilio wa kawaida ni huu:

1. Familia ya bibi harusi imekaa. Anayeendesha upande wao ni *alaga ijoko*, "aliyekaa". Upande wa bwana harusi una *alaga iduro*, "aliyesimama". Hawa ni wanawake wa kulipwa, mafundi wa maneno, na kila kizuizi wanachoweka hufunguliwa kwa bahasha.
2. Familia ya bwana harusi inaingia ikicheza, inapiga magoti, inajitambulisha.
3. Barua ya posa inasomwa mbele ya watu. Msomaji mara nyingi ni binti mdogo wa upande wa bibi harusi. Jibu linasomwa pia.
4. Bwana harusi na rafiki zake wanalala kifudifudi mbele ya wakwe, zaidi ya mara moja. Dakika hizo kila jicho liko sakafuni.
5. Bibi harusi anaingia amefunikwa shela, anapiga magoti kwa wazazi wa pande zote mbili, anaombewa.
6. Anapelekwa kwenye meza ya zawadi, *eru iyawo*, na kuambiwa achague anachokitaka kuliko vyote. Anachukua Biblia au Kurani, ambayo pete imefungwa juu yake kwa utepe.
7. Pesa ya mahari hutolewa, na familia nyingi huirudisha hapohapo: hatukuuza mtoto.
8. Chakula, muziki, pesa.

Kwenye meza ya zawadi kuna viazi vikuu (orodha nyingi hudai 42), kokwa za kola, *orogbo* ambayo ni kola chungu, *atare* ambayo ni pilipili ya punje, asali, chumvi, mafuta ya mawese, magunia ya mchele, sanduku la nguo na mwavuli. Kila kitu kina idadi kwenye karatasi, na kuna mtu wa kila upande anayehesabu. Mpelelezi wako aipate nakala ya karatasi hiyo.

*Onyo.* Usichomeke kamati ya harusi yenye mweka hazina na kadi za michango. Hiyo ni yetu. Ukitaka mtu aliyekula pesa za watu, kwa Wayoruba mtafute shangazi anayeuza *aso ebi*, kitambaa cha sare ya ukoo. Ananunua kwa jumla, labda soko la Balogun pale Lagos Island, anawauzia ndugu na marafiki kwa vipande vya yadi 5, na hesabu zake hakuna mtu mwenye ujasiri wa kuziomba.

Hatua ya 3: Tafuta kosa ambalo bila harusi lisingetokea

Jaribio ni rahisi. Ondoa harusi, weka mahafali. Kosa likiendelea kuwezekana, litupe.

Kwa vijana, maiti si lazima. Maiti ukumbini huleta polisi, na polisi wakifika mtoto wa miaka 16 anafukuzwa eneo la tukio. Kosa zuri ni lile ambalo wazee wanaweza kuamua "tutalizungumza Jumatatu", kwa sababu aibu mbele ya wakwe ni nzito kuliko hasara.

Mfano wetu. Ijumaa, bibi harusi anainua Biblia mbele ya watu 300. Utepe upo, pete haipo. Alaga anatupa mzaha, pete inaazimwa, ngoma zinaendelea. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya Biblia kulikuwa na bahasha. Mwizi alitaka bahasha. Pete aliichukua ili ionekane ni wizi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu ya kweli ya maabara ya bwana harusi. Hapa inabidi uielewe jenotaipu, yaani aina ya vinasaba vya damu alivyorithi mtu, maana nchini Nigeria watu huulizana jenotaipu kabla ya kuulizana mshahara, na makanisa mengi hayafungishi ndoa bila cheti. Kanuni ni hizi:

- AA haina vinasaba vya selimundu. AS anabeba kimoja, mwenyewe ni mzima. SS ni mgonjwa.
- AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS.
- AA akizaa na AS, hakuna mtoto wa SS. Kwa hiyo mwenye mtoto SS hawezi kuwa AA.

Kanuni ya tatu ndiyo injini ya fumbo letu. Baba wa bwana harusi anajigamba kila mahali kwamba "nyumba hii sote ni AA". Mwanawe ana cheti cha AA, cha kughushi. Bibi harusi ni AS. Kumbe mzee alikuwa na mke kabla ya huyu, na mmoja wa watoto wa ndoa ile alifariki kwa selimundu. Ndugu wa yule marehemu ndiye aliyeweka bahasha.

*Onyo.* Kanisa huomba cheti miezi kabla, wakati wa mafundisho ya ndoa, si asubuhi ya harusi. Usijenge mkimbizano wa Jumamosi alfajiri juu ya hilo. Pia aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu la uongo, SS akasomeka AS; ukiwa na mgonjwa katika hadithi, usimpime wiki ileile aliyotoka wodini.

Ukipenda njia ya sheria badala ya damu, ipo moja tamu. Ndoa ya serikali nchini Nigeria hutangulizwa na taarifa kwa msajili, cheti hakitoki kabla ya siku 21, na ndoa lazima ifungwe ndani ya miezi mitatu tangu taarifa. Mwenye pingamizi huandika neno moja la Kiingereza kwenye daftari la taarifa, *Forbidden*, pamoja na jina lake, makazi yake na sababu. Mpelelezi anayekuta neno hilo limefutwa kwa wino mweupe ameshapata sura yake ya kwanza.

Hatua ya 4: Mpe mpelelezi kazi ya kutumwa

Mpelelezi wetu ni binti wa mjomba wa bibi harusi, miaka 16, kaja kutoka Lagos. Ndiye aliyesoma barua ya posa, hivyo watu wote wanamjua kwa sura na hakuna anayemtilia maanani. Katika nyumba ya Kiyoruba mdogo hutumwa: lete maji, peleka sahani hii, kamwite mpiga picha, shika mkoba wangu. Mtoto mwenye sinia hupita kila mlango.

Kinachomfunga ni adabu. Hawezi kumwuliza mkubwa "ulikuwa wapi saa 8?" Hawezi hata kumwita kwa jina. Kwa hiyo mpe njia nne za kuhoji bila kuuliza:

1. Kukosea kwa makusudi. "Mama alisema wewe ndiye uliyefunga utepe." Mkubwa hawezi kuacha kosa la mtoto bila kulisahihisha.
2. Kuomba picha. Kila shangazi ana picha 200 kwenye simu, zina saa, na anapenda kuzionyesha.
3. Kumtumikia mtu chakula na kubaki karibu. Wakubwa huendelea na maongezi kana kwamba ni kiti kimesimama pale.
4. Kumtuma aliye mdogo kuliko yeye. Mtoto wa miaka 8 huuliza chochote.

*Onyo.* Usimwandikie "shikamoo". Msichana wa Kiyoruba hugusa goti chini, au angalau hulikunja, na kusema *e kaaro ma* asubuhi, *e kaasan ma* mchana. Kwa mwanamume ni *sa*. Mama mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, Mummy Kunle, na hilo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa.

Hatua ya 5: Washukiwa sita, kila mmoja na uongo wake

Kila mshukiwa adanganye jambo moja, na watano wadanganye kwa sababu isiyohusiana na pete.

Shangazi wa aso ebi anaficha faida yake. Kaka wa bibi harusi anasema alifika kwa treni ya Lagos hadi Ibadan, reli iliyozinduliwa Juni 2021, ambayo msomaji wetu ataifananisha na SGR ya kwetu. Tiketi anayo, ila kituo cha Ibadan kiko Moniya, nje kabisa ya mji, na saa zake hazitoshi kufika nyumbani kabla ya barua kusomwa. Kumbe alilala kwa mchumba wake hapohapo Ibadan. Binamu anayeshika mkoba wa pesa za kumwagwa amepunguza noti. Fundi wa mapambo anasema aliitwa na alaga, na hakuna alaga aliyemwita. Kijana mgeni anayejiita Idowu, ambaye ndiye yule ndugu wa marehemu, hayumo kwenye orodha ya sare, na kila upande unadhani ni wa upande wa pili. Wa sita ni dada wa baba wa bwana harusi, mama mcheshi aliyepanga meza ya zawadi kwa mikono yake. Ni yeye.

Wadowezi wa harusi Wayoruba huwaita *mo gbo mo ya*, "nilisikia nikapitia". Ndiyo maana Idowu anaweza kukaa siku tatu bila kufukuzwa.

Hatua ya 6: Tega vidokezo vinne vikuu

Hapa tumia muda kuliko hatua nyingine yoyote. Kidokezo kitoke ndani ya mila yenyewe, kionekane mara mbili kabla ya ufunuo, na mara ya kwanza kionekane kikifanya kazi nyingine.

*Jina.* Kwa Wayoruba pacha wa kwanza kutoka huitwa Taiwo na wa pili Kehinde, na Kehinde ndiye huhesabiwa mkubwa. Anayezaliwa baada ya pacha ni Idowu. Msukuma mwenye Kulwa, Doto na Shija nyumbani atakuwa amekushinda mbio, kwa hiyo usilitamke wazi mapema. Sura ya 3, bibi mmoja ataje tu kwamba ukoo wa bwana harusi "haujawahi kupata pacha, Mungu hakutujalia". Sura ya 8, kijana aseme anaitwa Idowu. Usiongeze neno.

*Namna ya kuita.* Mke aliyeolewa katika ukoo, kwa mila, hamwiti kwa jina mtoto aliyezaliwa humo kabla yeye hajaolewa, hata kama ni mdogo kwake kwa miaka. Humpa jina la heshima au la utani. Mama wa bwana harusi, akiwa amechoka Jumamosi usiku, amwite Idowu kwa jina la utani. Maana yake anamjua, na alimkuta.

*Kilemba.* Gele ya kitambaa kigumu hufungwa kwa mikunjo, hushikizwa kwa pini, na wengi hulipa fundi awafunge. Ndani yake bahasha iliyokunjwa mara mbili inakaa vizuri. Pete ndiyo kabisa. Picha ya saa 5 asubuhi shangazi wa bwana harusi, yule mwizi, ana mikunjo ya feni. Picha ya saa 9 alasiri ana fundo la kawaida. Mwanamke havui gele katikati ya sherehe kwa raha zake. Mara ya kwanza kidokezo hiki kipite kama mzaha: watoto wanamcheka kilemba kimelala. Sharti moja: shangazi awe amejifunga mwenyewe siku hiyo. Gele za kisasa zilizoshonwa tayari, zinazovaliwa kama kofia, zinaua kidokezo chote.

*Ngoma.* Hiki ndicho kizuri kuliko vyote. Kiyoruba ni lugha ya toni, na ngoma yenye kiuno chembamba, *dundun* au mdogo wake *gangan*, husema kwa kupandisha na kushusha sauti. Lakini ngoma hutoa toni tu, haitoi herufi. *Owó* ni pesa na *ọwọ́* ni mkono. Toni zao ni zilezile, ya kati kisha ya juu. Mpiga ngoma aliyekuwa karibu na meza ameona kitu. Anapiga mbele ya shangazi sentensi inayotaja "mkono". Wote wanasikia "pesa", kwa kuwa wapiga ngoma huomba pesa siku zote, na shangazi anambandika noti usoni haraka kuliko kawaida yake. Sura moja ya mapema, babu amfundishe mjukuu tofauti ya maneno hayo mawili kwa utani tu. Sentensi ya ngoma mwombe msomaji wako Myoruba aitunge, na toni azihakiki neno kwa neno. Usiitunge mwenyewe kwa kamusi.

*Onyo.* Aso ebi haifai kuwa kidokezo cha "nilimwona mtu wa agbada ya kijani" (agbada ni joho pana la wanaume). Watu 100 wamevaa kijani. Itumie kinyume: shahidi mwenye uhakika kabisa, na uhakika wake hauna thamani.

Hatua ya 7: Amua lugha kabla ya sura ya kwanza

Chagua maneno ya Kiyoruba yasiyozidi 15 na uyape maana kwa matendo. "Alivuta gele hadi masikioni" inatosha. Hakuna haja ya maelezo mengine. Alama za toni ama uziweke kila mahali ama usiziweke popote, isipokuwa pale zinapobeba fumbo. Wali wa jollof ubaki jollof. Ukiuita pilau umeuchafua, na Mnigeria na Mzanzibari wote watakulaumu.

Pijini, yaani Kiingereza cha mitaani cha Nigeria, waachie vijana, madereva na MC. Ukimpa babu wa Ibadan pijini umemshusha.

Hatua ya 8: Gawa sura

Alhamisi sura 1 hadi 4. Ijumaa 5 hadi 13, pete ikikosekana mwisho wa sura ya 6. Jumamosi 14 hadi 25. Jumapili 26 hadi 30. Kwa kuwa tukio linachelewa kidogo, weka ajabu dogo sura ya 1: kwenye orodha ya aso ebi kuna jina limekatwa kwa kalamu ya rangi nyingine.

Jumamosi ndiyo ndefu na ndiyo huchosha. Itenge kwa mahali: kanisani, njiani, ukumbini, jikoni, nyuma kwenye jenereta. Kila sura mbili badilisha mahali.

Hatua ya 9: Andika ufunuo bila hotuba

Binti hawezi kusimama ukumbini na kuwanyooshea wakubwa kidole. Angezabwa kofi na msomaji angeona ni haki. Mpeleke kwa mkubwa mmoja anayemwamini, mathalani nyanya yake, Jumapili kabla ya ibada. Apige magoti, aweke mbele yake picha mbili za kilemba na karatasi ya zawadi, anyamaze. Nyanya ndiye atakayesema. Kisha bibi harusi aelezwe, na uamuzi wa ndoa uwe wake na wa mumewe. Mwandishi asiwaamulie kwa kipimo cha damu. Wapo wanaooana AS kwa AS wakijua, na wapo wanaoachana.

Yakikwama

*Msomaji anamjua mwizi sura ya 10.* Umempa shangazi ucheshi peke yake. Mpe mshukiwa mwingine ucheshi, na mpe shangazi kazi ya pili ya kuonekana nayo, kama kugombana na wapishi.

*Hakuna anayemkumbuka nani ni nani.* Una majina mawili yanayoanza na herufi moja, na kwa Kiyoruba majina mengi huanza na O au A. Badilisha, au tumia Mummy fulani na Egbon (kaka au dada mkubwa) fulani. Kila mtu mpe kitu kimoja mkononi.

*Katikati panalegea.* Angalia jedwali lako: bila shaka kuna saa tatu ambapo hakuna kilichobadilisha mkono. Hamisha kitu. Mkoba wa pesa upotee, hata kama utarudi.

*Umezima umeme ili jambo litokee gizani.* Kumbi zina jenereta, na kila mwandishi ameshalitumia giza hilo. Tumia wakati wa kulala kifudifudi: mchana kweupe, watu 300, na hakuna anayetazama meza.

*Simu inamaliza fumbo.* Usiibe chaji. Mpe kila mtu picha nyingi mno. Kazi iwe kuzipanga kwa saa, na simu moja iwe imewekwa saa ya nchi nyingine kwa sababu mwenyewe karudi juzi kutoka Houston.

*Msomaji wako Myoruba kanyamaza kimya.* Mwulize maswali ya kuhesabika: viazi vikuu vingapi, nani anasoma barua kwao, sare ya upande wa bwana harusi ilikuwa rangi gani. Akianza kubisha, chukua kalamu.